Utomvu wa mfenesi na mwembe kwenye gari ya shemegi, ninusuruni jamani

Mchukwani77 (Jumatatu, saa 3 usiku)

Asalaam aleykum jamani. Nina balaa hapa, naomba msaada wa haraka maana muda sina. Ijumaa niliazima gari ya shemegi yangu, kakaake mke wangu, Toyota Ist buluu iliyokoza, nipeleke wazee arusini Donge. Tumefika jua la kaskazi mnalijua wenyewe, nikaona kivuli kizuri cha mwembe mkubwa na ubavuni mwake mfenesi, nikasema hapa ndipo, nikaipaki nikaenda zangu kula biriani, na tukalala kulekule siku mbili. Jumapili asubuhi naiendea gari nakuta si gari tena, paa lote linanata kama limemwagiwa shira, boneti ina vitone vyeupe vyeupe vyengine vishageuka kahawia vigumu kama gundi ya seremala, kioo cha mbele waipa zikipita zinalia krrr krrr. Kuuliza naambiwa vijana walipanda mfenesi Jumamosi kukata matawi ya mbuzi. Hata mmoja hakusema tumwite mwenye gari aisogeze!

Nimeosha kwa maji na sabuni ya unga mara mbili, paa limepata nafuu lakini boneti wapi, halitikisiki. Hapo shetani akanipitia nikachukua stilwaya ya kusugulia masufuria nikajaribu pembeni kidogo, utomvu umetoka ndio ila pamebaki duara limepauka kama sarafu ya mia. Shemegi yuko Dar anarudi Alkhamisi kwa boti. Nifanyeje?

Njia502 (Jumatatu, saa 3 na robo)

Petroli tu yakhe. Kitambaa, petroli, futa, umemaliza. Sie madereva ndo dawa yetu.

Mtoto_wa_Mlandege (Jumatatu, saa 3 na nusu)

Petroli ya nini, tia mafuta ya breki. Nliona mtu gereji kayamwagia, kila kitu kikatoka.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumatatu, saa 3:40)

Kila kitu kikatoka, na rangi ikiwemo. Mchukwani usithubutu, mafuta ya breki yakikaa kwenye rangi yanaivimbisha mpaka inabanduka kama ngozi ya aliyeungua, sie gereji yakitudondokea tunakimbilia maji. Na stilwaya iregeshe jikoni kwa mkeo.

Sasa nisome vizuri. Gari iliyotoka kiwandani na rangi yake, juu ya ile buluu kuna tabaka jengine lisilo na rangi, ndo tunaiita klia, ndo inayong'aa. Klia hiyo unene wake ni kama nusu ya karatasi ya kuandikia tu, usifikiri ni ngome. Utomvu ukidondokea hapo halafu jua likapiga, boneti buluu iliyokoza saa 8 mchana hata mkono huweki, klia inalainika kidogo, utomvu unakauka juu yake unajivuta na kuishika. Ukiuacha wiki mbili tatu hata ukiutoa unakuta pamebaki kishimo au alama ya duara. Kwa hiyo hukuchelewa bado ila usingoje.

Petroli inayeyusha kweli sisemi uongo wa Njia502, lakini inakausha, inaondoa weksi yote, ikigusa raba za milango na plastiki inazipausha, na ikiwa pahala palishapigwa rangi mtaani inaweza kuila. Halafu mtu anasugua na petroli hapo uani mwengine anapita na sigara. Acha. Thina ndo kabisa usiilete karibu, na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha pia mbali, nayo inakula rangi.

Suali langu moja: hiyo gari yote ina rangi ya kiwandani? Haijawahi kugongwa?

Mchukwani77 (Jumatatu, saa 4 kasorobo)

Fundi sijui, shemegi aliinunua kwa mtu hapahapa Unguja. Yeye anasema haijaguswa.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumatatu, saa 4 kasoro dakika 10)

Kila mwenye gari anasema haijaguswa.

BiMkubwa_Fuoni (Jumatatu, saa 4 usiku)

Nyie wanaume mna mambo makubwa. Mwanangu Mchukwani, mkeo akikata fenesi hapo nyumbani huwa anafanya nini kwanza? Anapaka mafuta mikononi na kwenye kisu. Sie tangu tuna akili zetu hatujamuona mtu akinawa ulimbo wa fenesi kwa maji na sabuni, ukitia maji ndo unazidi kung'ang'ania. Ni mafuta. Mafuta ya nazi, na kama hayapo ya kupikia, ulimbo unateleza wenyewe, ndo baadae unakosha kwa sabuni. Sasa kama mkono wa mtu unatoka, bati la gari litashinda? Paka mafuta ya nazi mengi, liache linywe, usisugue.

MpembaWaWete (Jumatatu, saa 4 na dakika 20)

Bi Mkubwa kasema kweli tupu. Sie kwetu Pemba tukiwa wadogo tukigema mfenesi kwa panga, yale maziwa tunayachemsha yakawa ulimbo, tunapaka kwenye vijiti kutegea ndege. Ulimbo ule ukiingia kwenye nywele mama anakunyoa! Na ndege akinasa ukitaka kumuachia na manyoya yake unampaka mafuta, maji hayafai kitu. Sikuwahi kufikiria gari lakini hesabu ni ileile.

Ila ushukuru ni mfenesi. Mie nlikwenda Kidike na mgeni kuangalia popo nkapaki chini ya mti jioni, nlivyoregea sikusema neno.

Njia502 (Jumatatu, saa 4 na nusu)

Hahaha kwa popo unakwenda kuangalia na mwavuli.

BwanaShamba_Kz (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Nimeusoma uzi huu asubuhi na mapema na naona watu wote mmekwenda kwenye boneti, mie nataka kuuliza paa. Mchukwani umesema paa lilikuwa linanata lote kama shira na ulipoosha likapata nafuu. Ule si utomvu. Utomvu unatoka pale mti ulipokatwa au tunda lilipochumwa, unadondoka vitone vitone, haunyunyizi gari nzima kama marashi. Ile shira ni mkojo wa wadudu, samahani kwa lugha, kuna vidugamba vyeupe kama unga vinakaa chini ya majani ya mwembe vinafyonza maji ya mti, sukari inayowazidi wanaitoa nyuma, inanyesha chini usiku na mchana. Ukitaka kuhakikisha angalia ule mwembe kama una viota vya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wale wanavilinda vidugamba kama mtu na ng'ombe zake kwa sababu wanakunywa hiyo sukari. Na majani ya chini utayakuta meusi kama yamepakwa masizi, ule ni ukungu unaoota juu ya sukari.

Faida ya kujua haya ni kwamba sukari inatoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, huna haja ya kulipaka paa mafuta wala spiriti. Ila usiiache ikakauka juani siku nyingi, ule weusi ukiota juu ya gari unakuwa kazi nyengine.

Mchukwani77 (Jumanne, saa 1 na nusu asubuhi)

Wallahi majimoto walikuwepo, mmoja aliniuma shingoni nilipokuwa nafungua mlango! Nikadhani ni bahati mbaya tu.

BwanaShamba_Kz (Jumanne, saa 1:40)

Ndo hao. Hapo ulipaki chini ya zizi.

Dada_wa_Dawa (Jumanne, saa 2 asubuhi)

Mie nauza duka la dawa, naongeza langu. Ile spiriti ya hospitali tunayofutia kabla ya sindano, asilimia 70, ni nzuri sana kwa utomvu wa mwembe maana ule una kama sandarusi ndani yake unayeyuka kwa spiriti. Hata ile dawa ya mikono ya wakati wa korona kama unayo chupa imebaki, ni spiriti hiyohiyo imetiwa uji tu, na kwa sababu ni nzito haikimbii kukauka. Lakini kwa maziwa mabichi ya mfenesi usianze na spiriti, yatagandana yawe kama raba. Anza na mafuta kama alivyosema Bi Mkubwa, spiriti iwe ya kufutia mabaki.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumanne, saa 2 na robo)

Ahsante dada, hapo umenitoa maneno mdomoni. Mchukwani fanya hivi, na usiruke hatua.

Gari iweke kivulini, na safari hii kivuli cha ukuta au banda tafadhali. Ngoja boneti lipoe uweze kuliwekea kiganja. Lioshe upya kwa maji mengi maana sie kwetu hapa mchanga na chumvi ya bahari imejaa kwenye kila kitu, ukifuta na mchanga upo unaipiga msasa gari ya watu. Chukua fulana kuukuu ya pamba, laini, si ile yenye michoro ya plastiki kifuani. Ichovye mafuta ya nazi, ibandike juu ya doa, iache robo saa. Halafu sukuma doa kwa kidole kilichofungwa kitambaa, usizungushe kwa nguvu. Kitambaa kikichafuka geuza upande. Yaliyogoma tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, si kumwagia, bandika dakika moja mbili futa. Mafuta ya taa ni mapole kuliko petroli. Ya mwisho kabisa ndo spiriti. Halafu osha kwa sabuni mafuta yote yatoke, vumbi la Chukwani likikuta mafuta juu ya boneti utalia.

Na kabla ya mafuta ya taa na spiriti JARIBU pahala pa siri kwanza. Ndani ya mlango, chini ya bampa. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari simama hapohapo.

Mtoto_wa_Mlandege (Jumanne, saa 3 asubuhi)

Mbona kuna ule udongo wa klei wa kusugulia gari, wanauza. Unateleza na kuvuta uchafu wote.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumanne, saa 3 na dakika 5)

Upo na ni mzuri, kwa vile vinukta vidogo vya mwisho, tena na maji ya sabuni uteleze. Lakini ukiupitisha kwenye donge la utomvu unalizungusha hilo donge boneti zima. Umepata moja leo, mafuta ya breki tumekusamehe.

Mchukwani77 (Jumanne, saa 2 usiku)

Jamani nimeregea na habari. Nimeomba ruhusa kazini mchana nikamchukua mdogo wangu tukaingiza gari kwenye banda la jirani. Mafuta ya nazi nlichukua ya mama, ya kukamua nyumbani, kanitazama kwa jicho lile mnalijua, nikamwambia nitakununulia chupa nzima. Nimebandika vitambaa kila doa boneti likawa kama mgonjwa kafungwa bendeji. Baada ya robo saa nasukuma kwa kidole, yale meupe yanatoka kama ubani uliotafunwa, yanajikunja yenyewe, wallahi nlikaribia kupiga kigelegele. Bi Mkubwa Mungu akupe afya. Yale ya kahawia yalotoka kwenye mwembe yalikuwa magumu, mafuta yamelainisha kingo tu, nikaenda kwenye mafuta ya taa, mengi yakatoka, matatu yaliyobaki ndo nikatia spiriti, kitambaa sekunde kama 30 hivi, yakayeyuka.

Sasa tatizo. Nlijaribu ndani ya mlango kama fundi alivosema, safi, kitambaa cheupe. Nikajiamini. Kwenye bampa la mbele kulikuwa na vitone viwili nikaona hapa hamna haja ya kujaribu tena gari ni moja. Kitambaa kimetoka BULUU. Nimesimama hapohapo lakini pana pahala kama ukucha pamefifia.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumanne, saa 2 na nusu usiku)

Niliuliza jana kama ishagongwa.

Ndugu yangu hilo bampa lilipigwa rangi mtaani, tena rangi ya thina ya kawaida bila klia juu. Ndo maana kitambaa kimechukua rangi moja kwa moja, ingekuwa na klia spiriti isingeifikia buluu. Mwambie shemegi gari yake imeguswa, tena bampa la mbele, aulize vizuri alonunua kwake. Kwa hapo ulipofifisha usifanye kitu chengine, osha kwa sabuni acha. Na siku nyengine kila kipande cha gari kihisabu ni gari peke yake, mlango mmoja hautoi ushahidi wa bampa.

Njia502 (Jumanne, saa 3 usiku)

Kumbe gari ilikuwa na siri yake. Utomvu umetoa fitina.

Mchukwani kioo chako vipi? Hapo mie naweza kukusaidia kuliko hawa, maana kioo si rangi. Kwenye kioo wembe unaruhusiwa. Kioo kiloe chote maji ya sabuni, wembe mpya, ulaze karibu uguse kioo bapa, usiusimamishe, sukuma kwenda mbele tu usivute nyuma. Usiguse raba ya pembeni wala ile mistari myembamba ya kioo cha nyuma, ukiikata basi kioo kikifanya ukungu wakati wa masika utakifuta kwa kanzu. Halafu raba za waipa zifute kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, ule mlio krrr ni utomvu uliokaa kwenye raba, ukisafisha kioo peke yake waipa zinakipaka tena. Na inua boneti utoe majani pale chini ya waipa, mvua ikija yanaziba maji yanaingia ndani miguuni mwa abiria. Hilo limenikuta.

BiMkubwa_Fuoni (Jumanne, saa 3 na robo usiku)

Mwanangu na shemegio umwambie ukweli. Gari ya kuazima inaregeshwa na maneno yake. Usimwachie aione mwenyewe halafu iwe kesi ya mkeo.

Mchukwani77 (Jumanne, saa 4 usiku)

Ntamwambia Bi Mkubwa, naogopa kidogo tu. Na lile duara la stilwaya fundi? Lile ndo linaninyima usingizi.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumanne, saa 4 na dakika 10)

Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukinasa kwenye mchubuko basi umeshaenda chini, hiyo ni kazi ya rangi. Ukucha ukiteleza ni klia tu imepauka, hapo nunua kopo dogo la kompaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi, ile laini, si ile ya chengachenga, weka kidogo kama punje ya mbaazi kwenye kitambaa cha maikrofaiba, sugua kwa mkono eneo dogo tu, futa, tazama, rudia. Kwa mkono, usimruhusu mtu alete mashine, boneti pale kwenye kingo na mikunjo klia ni nyembamba mashine inaimaliza kabla hujasema bismillahi. Ukishamaliza tia weksi boneti zima, maana mafuta ya taa na sabuni zimeshaiondoa ya zamani, na gari ya mjini kwetu bila weksi chumvi na jua vinagawana.

MpembaWaWete (Jumatano, saa 12 jioni)

Fundi na mavi ya kunguru nayo ni mafuta ya nazi? Kwetu kazini pana mkungu wamejaa kama wamelipwa.

FundiRangi_Kwerekwe (Jumatano, saa 1 usiku)

Hapana yale ni maji. Kitambaa kimeloa maji, kibandike kilainishe, kinyanyue. Usifute kavukavu mna vijiwe na mbegu ndani. Na siku ileile, yale yanakula klia haraka, usingoje Ijumaa ndo uoshe gari.

Mkaazi_wa_Bungi (Jumatano, saa 2 usiku)

Nacheka maana kila wiki wageni wanasimamisha magari kwetu chini ya miembe ya Bi Khole wapige picha, wengine wanaacha gari nusu siku. Msimu wa maembe nawaambia sogezeni, wanadhani nataka nafasi yao. Si utomvu tu, embe bivu likianguka kutoka juu kule linatia bonde kwenye paa, na bonde halitoki kwa mafuta ya nazi.

Dada_wa_Dawa (Jumatano, saa 2 na nusu usiku)

Na mikononi pia muangalie. Utomvu wa embe unaunguza ngozi kwa baadhi ya watu, mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Juzi kaja mtoto midomo imemvimba kwa kumenya embe kwa meno. Mchukwani ulivaa glavu?

Mchukwani77 (Jumatano, saa 4 usiku)

Sikuvaa dada, lakini mafuta ya nazi yote yale mikono yangu sasa laini kuliko ya bi arusi.

Ripoti ya leo: ukucha umeteleza alhamdulillahi. Kompaundi nimenunua Darajani, nimesugua mara nne, duara limebaki kwa anayelijua tu, tena ukisimama upande wa jua. Weksi nimetia mbili. Kioo Njia502 umeniokoa, kimya kabisa. Paa nimeosha kwa maji ya vuguvugu, linang'aa. Bampa nimeliacha vilevile.

Mchukwani77 (Alkhamisi, saa 2 usiku)

Kashuka Malindi saa 10 jioni nikampokea na gari yake. Nimemwambia yote palepale kabla hajapanda, mfenesi, mbuzi, stilwaya, bampa. Kaizunguka gari mara mbili kimya, mie moyo unanipiga. Kwenye bampa kainama akapitisha kidole, kasema "hapa niliambiwa haijaguswa" akatoa simu kumpigia alomuuzia, haikupokelewa. Boneti hata hakulisemea. Tukapanda, tumefika Michenzani kafungua kioo, kanusa, kaniuliza mbona gari yake inanuka wali.

BiMkubwa_Fuoni (Alkhamisi, saa 2:20 usiku)

Hukuosha vizuri pale chini ya waipa. Na chupa ya mama ushainunua?